Sauti ya Herufi Njia Panda ya Makambako

Abiria anayeshuka basi Makambako, pale barabara kuu ya kwenda Mbeya na Zambia inapoachana na ile ya Njombe na Songea, hupokewa na neno moja lililoandikwa mara nyingi kuliko jina la mji wenyewe: WAKALA. Limo kwenye vibanda vya mbao, kwenye miamvuli, kwenye kuta za nyumba za wageni na kwenye vipande vya boksi vilivyoandikwa kwa maka peni. Hapa limeandikwa kwa herufi nene za kampuni ya simu. Pale ni brashi ya fundi aliyelipinda kidogo ili lipite juu ya dirisha. Kule ni stika iliyokatwa na mashine. Huduma ni ileile, kuweka pesa na kutoa pesa. Hata hivyo mtu mwenye laki tano mfukoni havitazami vibanda hivyo kwa jicho moja. Kipo atakachokiendea na kipo atakachokipita, na akiulizwa sababu huenda akataja foleni, au sura ya mhudumu, au aseme tu kwamba pale pameonekana pa kuaminika.

Mazungumzo ya leo yanahusu kitu kinachojenga hisia hiyo bila kutajwa, nacho ni umbo la herufi. Wabunifu wa matangazo huliita fonti. Mafundi wa mabango mitaani husema tu mwandiko. Redio haina picha, kwa hiyo msikilizaji anaombwa achore kichwani mwake, na aliye na kalamu karibu aichukue.

Aanze na neno HATARI. Kila mtu amewahi kuliona kwenye nguzo au transfoma ya TANESCO, likiwa pamoja na fuvu la kichwa: herufi kubwa, nene, zilizonyooka, zisizo na pambo lolote. Sasa aliandike neno hilohilo kwa mwandiko wa kadi ya harusi, ule wa kuunganisha wenye mikia inayojikunja. H aipe kitanzi begani, na mguu wa R auteremshe hadi chini ya mstari. Herufi ni zilezile sita na maana haijabadilika, lakini mtoto anayecheza chini ya nguzo ile hatashtuka.

Na kuna herufi moja ambayo Mtanzania yeyote aliyejenga karibu na barabara huijua bila kuisoma. Ni X nyekundu iliyopigwa ukutani kwa brashi pana, mikato miwili tu, rangi ikichuruzika. Aliyeichora hakuchagua fonti. Haraka ya mkono wake ndiyo inayomwambia mwenye nyumba kwamba uamuzi wa kubomoa ulishapitishwa kwingine.

Nguvu hii ya umbo ilipimwa zamani. Mwaka 1923 watafiti wawili wa Marekani, Poffenberger na Franken, waliwaonyesha watu aina mbalimbali za herufi za chapa na kuwauliza ni zipi zinazofaa kutangaza magari, vifaa vya ujenzi, kahawa, vito na manukato. Majibu hayakutawanyika ovyo. Watu waliona kwa namna moja kwamba herufi fulani zinaifaa bidhaa fulani kuliko nyingine. Mwaka 2008 Hyunjin Song na Norbert Schwarz wa Chuo Kikuu cha Michigan walikwenda mbali zaidi. Waliwapa wanafunzi maelekezo ya zoezi la viungo. Kundi moja liliyasoma kwa Arial, fonti ya kawaida isiyo na pambo. Kundi la pili liliyasoma kwa fonti inayoiga brashi, ngumu kusomeka. Wa kwanza walikadiria kwamba zoezi lingechukua kama dakika 8. Wa pili walikadiria dakika 15. Maelekezo hayakutofautiana hata neno moja, ila ugumu wa kusoma ulihamia kwenye zoezi lenyewe. Fundi gereji wa Njombe anayeorodhesha kazi zake kwa herufi zinazomchosha msomaji anamwambia mteja, bila kukusudia, kwamba na gari lake litachukua muda mrefu kutengenezwa.

Anayetoka stendi ya Makambako kuelekea ofisi za umma hukutana na sauti nyingine. HALMASHAURI YA MJI WA MAKAMBAKO. JAMHURI YA MUUNGANO WA TANZANIA. Herufi zote ni kubwa, zote zina kimo kimoja, na kila neno linafanya mstatili usiotokeza juu wala chini. Ni mwandiko wa mhuri na wa barua yenye kumbukumbu namba. Hauna kosa: mwananchi anayetafuta ofisi ya ardhi anataka kuona kwamba amefika mahali penye mamlaka.

Kampuni za simu zilielekea upande wa pili kabisa. Vodacom, Airtel na Tigo, nembo zote tatu ziliandikwa kwa herufi ndogo, hata ile ya mwanzo ambayo mwalimu wa darasa la tatu angeipigia mstari. Herufi ndogo hupanda na kushuka: katika jina tigo, t inatokeza juu, g inaning'inia chini, na o inafunga kwa duara. Neno la namna hiyo hulainika machoni. Kampuni inayotaka kukaa mfukoni mwa mtu na kushika mshahara wake haikuona faida ya kusema naye kwa sauti ya ofisi ya mkuu wa wilaya. Kwa miaka mingi kuta za barabara zetu zimebeba mabadiliko hayo kwa matabaka: Celtel ikawa Zain mwaka 2008, Zain ikawa Airtel mwaka 2010, Tigo ikawa Yas Novemba 2024 na Tigo Pesa ikaitwa Mixx by Yas. Rangi ya juu ikibanduka, jina la zamani huchungulia, na mtu mzima anaweza kukumbuka alikuwa na simu gani wakati ule kwa kuiona herufi moja tu.

Duka la dawa lina mahitaji yake. Mpango wa Duka la Dawa Muhimu ulipoanza mwaka 2003 mkoani Ruvuma, jirani tu na Njombe, maduka yaliyoidhinishwa yalipewa jina moja na alama moja ili mgonjwa ayatofautishe na duka lolote linalouza vidonge kaunta. Neno DAWA linahitaji herufi zinazosomeka na mzee asiye na miwani, tena wakati anaumwa. Hapo si mahali pa kuonyesha ufundi wa mikunjo.

Kisha kuna Coca-Cola. Mwandiko ule wa kulala na kuteleza, wenye C ya kwanza inayovuta mkia wake chini ya majirani, ulichorwa Atlanta mwaka 1886 na Frank Mason Robinson, mtunza hesabu wa John Pemberton aliyekitengeneza kinywaji hicho. Robinson hakuwa msanii wa matangazo; alitumia mwandiko uliofundishwa kwa makarani wa Marekani wa karne ya 19. Leo mkono wa karani huyo umetundikwa juu ya maduka ya Lupembe na Igwachanya, kwenye bati jekundu lisilopauka upesi, na jina la duka lenyewe limebanwa pembeni kwa herufi nyembamba zisizo na sura. Mwenye duka amepata kibao bila kulipa, na kwa malipo ametoa sehemu inayoonekana zaidi ya biashara yake. Ni mapatano anayostahili kuyafikiria mara mbili. Wateja wake wanamjua kwa jina, na jina hilo limepewa sauti ndogo kuliko soda.

Sasa twende kwa mafundi wa brashi, kwa sababu hapa ndipo penye elimu ambayo kompyuta haijaibeba.

Fundi anayeandika ukuta huanza kwa msasa na rangi ya chini. Huvuta uzi uliopakwa chaki, huuachia ukapiga ukuta na kuacha mstari mwembamba mweupe, mmoja wa juu na mmoja wa chini. Herufi huchorwa kwanza kwa penseli au chaki, kisha ndipo rangi ya mafuta huingia, ile inayong'aa, ambayo pia hupakwa kwenye milango na baiskeli. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi za aina hiyohiyo kwenye vipande vya ubao mgumu, na sanaa yake ikavuka bahari kwa jina lake. Wenzake walioziweka rangi hizo kwenye vibao vya kinyozi na bucha hawakutajwa popote, ingawa mkono wao ndio ulioonwa na watu wengi zaidi.

Fundi mzuri anajua jambo ambalo jicho la mpita njia hulihisi bila kulitambua, yaani nafasi kati ya herufi na herufi. Turudi kwa WAKALA, maana neno hili ni mtihani mkubwa. Mkato wa mwisho wa W hupanda kuelekea kulia. Mkato wa kwanza wa A hushuka kuelekea kushoto. Zikiwekwa kwa umbali ule unaoachwa kati ya H na I, baina yao hubaki pengo la mshazari linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara. Kisha inakuja K, yenye mkono na mguu, halafu A nyingine, halafu L ambayo upande wake wote wa juu ni wazi, halafu A ya tatu inayokimbia kuelekea kulia. Asiyejua kazi huyapanga yote kwa rula, na neno linakatika: W AKAL A. Fundi huisukuma A ya kwanza iingie chini ya bawa la W, na ya mwisho huisogeza hadi mguu wake unakaribia kuikanyaga L. Hapimi kwa sentimita. Hurudi nyuma hatua kadhaa, hufumba jicho moja, hurudi akasogeza. MAVAZI lina taabu ileile, na TANZANIA pia kwa sababu ya T na A. Kiswahili kimejaa A, na A ni pembetatu inayoacha hewa juu pande zote mbili, kwa hiyo lugha yetu inadai uangalifu huu kuliko lugha nyingi zinazoandikwa kwa herufi hizi za Kilatini.

Njombe inaongeza masharti yake. Mji uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai ukungu hushuka asubuhi ukameza ng'ambo ya barabara. Herufi nyembamba ya kijivu kwenye ukuta mweupe, ambayo kwenye skrini ya kompyuta iliyo ndani inaonekana ya kistaarabu, hupotea kabisa. Herufi nene nyeusi au ya buluu iliyokoza hubaki. Halafu kuna udongo mwekundu. Mvua ikipiga, matone hurusha tope hadi usawa wa goti na zaidi, na chochote kilichoandikwa chini ya hapo kitasomwa kwa msimu mmoja tu. Ndiyo maana maandishi ya zamani yaliyopangwa kwa akili hukaa juu, na sehemu ya chini ya ukuta hupakwa rangi ya kahawia au nyekundu kabla ya tope kufika.

Kuna pia hesabu ya mwendo. Ndani ya makazi gari haliruhusiwi kuzidi kilomita 50 kwa saa, yaani kama mita 14 kila sekunde. Bango linaloanza kusomeka kwa umbali wa mita 60 linampa dereva sekunde 4, na katika hizo lazima aangalie bodaboda, mama anayevuka na lori la mbao linaloingia kutoka kulia. Watengenezaji wa mabango duniani hufuata kanuni ya kukadiria kwamba herufi inahitaji kimo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 3 za umbali ili isomeke kwa raha. Kwa mita 60 hiyo ni nusu mita. Anayeandika majina ya vipuri ishirini, namba tatu za simu na mstari wa Biblia kwenye bango moja kando ya barabara kuu hataweza kuipa hata moja ya hizo nusu mita inayostahili.

Na maneno yetu ni marefu. Mwingereza anaandika REPAIR kwa herufi sita; fundi wa Makambako anahitaji kumi na moja kuandika MATENGENEZO. WAFANYABIASHARA halitoshi mlangoni. Mwenye brashi hutatua jambo hili kwa kubuni herufi nyembamba tangu mwanzo: O inakuwa yai lililosimama, M inabanwa miguu, lakini unene wa mikato unabaki mmoja. Kwenye kompyuta wengi hushika kona ya neno na kulisukuma hadi liingie. Matokeo yake yanaonekana kila mtaa. Mikato ya wima imekonda kwa sababu ndiyo iliyosukumwa, na ile ya mlalo imebaki na unene wake wa zamani, hivyo E inaonekana kama rafu nzito zilizoshikiliwa na fito. Mteja hajui kilichoharibika. Anaona tu kwamba tangazo lina dhiki.

Dawa ipo, tena haina gharama. Ziko fonti zilizochorwa zikiwa nyembamba tangu mwanzo. Impact, iliyochorwa na Geoffrey Lee huko Uingereza mwaka 1965, imo kwenye kompyuta nyingi bila kununuliwa. Bebas Neue ya Mjapani Ryoichi Tsunekawa hupakuliwa bure na imeenea kwenye mabango ya matamasha na ya injili kote Afrika Mashariki. Zinabeba MATENGENEZO bila kumvunja mtu mbavu.

Tatizo linaanzia hapo hapo. Maduka ya steshenari na uchapaji ya Njombe na Makambako, yenye CorelDRAW au Photoshop kwenye kompyuta na mashine ya kuchapa bango la plastiki nyuma ya pazia, yamefanya kazi kubwa ya maana. Mama mwenye mgahawa anaweza kupata bango siku hiyohiyo. Lakini dizaina mwenye wateja saba kwenye benchi hutumia fonti zile tano anazozijua, na baada ya muda kinyozi, duka la pembejeo, kanisa na mgombea udiwani wote wanazungumza kwa sauti moja, wakiwa na kivuli kimoja nyuma ya herufi na mng'ao uleule wa manjano kwenda nyekundu. Ukungu ukiondoka saa nne asubuhi, mtaa mzima unapiga kelele kwa pamoja na hakuna anayesikika.

Fonti ya Brush Script imo katika sauti hizo. Robert E. Smith aliichora mwaka 1942 kwa kiwanda cha herufi cha American Type Founders, akiiga kwa makusudi mkono wa waandishi wa vibao: mkato unaoanza kwa nguvu na kumalizia kwa kupepea. Sasa iko kwenye saluni na maduka ya keki, inachapwa kwenye plastiki mita chache kutoka kwa fundi ambaye angeweza kuandika jina hilo kwa brashi halisi, na kila a katika jina hilo ingetofautiana kidogo na mwenzake. Katika fonti hazitofautiani. Jicho hugundua urudufu huo upesi sana, na joto lililotafutwa linapoa.

Kuna mkasa mwingine unaowahusu wenye kampuni za utalii, wakiwemo wanaopeleka wageni kuona maua ya Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005. Mabango mengi ya safari, na majalada mengi ya vitabu kuhusu Afrika yanayochapwa Ulaya na Marekani, hutumia herufi nzito zenye kingo za kuchongwa, ambazo mtu huambiwa ni za Kiafrika. Mojawapo inaitwa Neuland. Aliichora Mjerumani Rudolf Koch mwaka 1923, katika utamaduni wa uchapaji wa Kijerumani, na baadaye ikaingia kwenye nembo ya filamu ya Jurassic Park. Nyingine ni Lithos, kazi ya Carol Twombly ya mwaka 1989, na chimbuko lake ni maandishi ya Wagiriki wa kale juu ya mawe. Hakuna hata herufi moja kati ya hizo iliyotoka kwenye mkono wa mtu wa bara hili. Mwenye kampuni ya Njombe anapoipa biashara yake sura hiyo anavaa vazi alilokadiriwa na watu waliomwona kwa mbali, na anaufanya mji wake ufanane na mbuga yoyote kwenye ramani ya mtalii.

Herufi zetu zipo. Kanga ni ushahidi wa karibu kabisa. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak ya Mombasa, inayojulikana kwa jina la Mali ya Abdulla, ilianza biashara mwaka 1887. Maandishi ya mwanzo ya kanga yalikuwa ya herufi za Kiarabu. Baadaye yakahamia kwenye Kilatini. Mpangilio uliokomaa unajulikana na kila mwanamke wa pwani na bara: pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani msemo, chini yake. Pambo lote limeachiwa pindo na mji. Jina limeandikwa kwa herufi kubwa, za kawaida, zenye unene mmoja, kwa kawaida ndani ya kisanduku chake, ili jirani anayelengwa alisome mwenye kanga akiwa anatembea. Ujumbe unaweza kuwa mkali kuliko matusi, na herufi zake zimetulia kabisa. Mbunifu wa matangazo anayejaza kila herufi kivuli, mng'ao na mpaka wa rangi tatu angejifunza mengi kwa kutandika kanga moja mezani na kuitazama kwa dakika tano.

Yote haya yana uzito mwingine mtu akiondoka Njombe kushuka Ludewa, kuelekea Mchuchuma. Jina hilo limeandikwa mara nyingi kwenye magazeti na kwenye hotuba za bajeti. Takwimu zinazotajwa na serikali ni tani milioni 428 za makaa ya mawe Mchuchuma na tani milioni 126 za madini ya chuma Liganga, na tangu Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, lilipotia saini mkataba na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011, watu wa Ludewa wamelisikia jina la nyumbani kwao likitamkwa Dodoma, Dar es Salaam na Beijing.

Miradi ya namna hiyo huja na vibao. Kibao cha mradi ni tangazo pia, hata kama hakiuzi kitu. Hutaja jina la mradi, mwenye mradi, mkandarasi, mhandisi mshauri, mfadhili, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Atazamaye vibao vya barabara na maji katika nyanda za juu ataona desturi iliyozoeleka: nembo kubwa juu, jina la mkandarasi kwa herufi nene, na mambo ambayo mwanakijiji anayatafuta hasa, yaani gharama na tarehe, yamewekwa chini kwa herufi za sentimita mbili au tatu, ambapo tope hufika kwanza. Mkandarasi akitoka China, mara nyingine herufi za Kilatini huwa ni zile zilizomo ndani ya fonti za Kichina kama SimSun, nyembamba, zimeachana, zilizokusudiwa zaidi kusindikiza maandishi ya Kichina kwenye ukurasa kuliko kusimama zenyewe kwenye bati kando ya njia. Kiswahili kikipangwa kwa herufi hizo hukatikakatika kiasi kwamba msomaji hajui neno linaishia wapi.

Mwandishi wa mazungumzo haya analiona jambo hilo kuwa zito kuliko urembo wowote wa saluni. Mtu wa Ludewa ana haki ya kusoma tarehe ya kumaliza kazi akiwa amesimama upande wa pili wa barabara, bila kuvuka, bila kumwomba kijana mwenye macho. Kwa umbali wa mita 12, kanuni ileile ya wenye mabango inadai herufi za sentimita 10 kwa mstari ulio mdogo kuliko yote. Hilo linawezekana kwa kupunguza nembo tu. Halmashauri zinazokagua vibao, na zinazotoza ada ya mabango kwa kadiri ya ukubwa wake, zina rula ya kutosha kupima na hilo.

Jina Mchuchuma lenyewe linafaa kuandikwa vizuri. Kwa herufi ndogo karibu lote ni matao na vikombe: m, c, h, u, kisha c, h, u tena, halafu m na a, na h mbili tu ndizo zinazotokeza juu. Mkono wa fundi hupata mwendo humo, kama anayepiga hatua za ngoma. Likibandikwa kwa herufi kubwa zilizobanwa, mwendo huo unazimika, zikabaki nguzo tisa zilizosimama.

Huko Argentina alitokea mtu aliyeona hatari ya aina hii akaifanyia kazi. Julieta Ulanovsky aliishi katika mtaa wa Montserrat jijini Buenos Aires, akayaona maandishi ya zamani ya maduka na mabango yakiondolewa majengo yalipokarabatiwa. Mwaka 2011 alizigeuza herufi hizo kuwa fonti, akaipa jina la mtaa na kuiachia watu bure. Leo Montserrat imo kwenye programu nyingi za kubunia matangazo, na vijana wa Njombe wanaoitumia kutangaza parachichi na miche ya miti wanachapa, pasipo kujua, kumbukumbu ya kuta za Buenos Aires. Kule Delhi, Hanif Kureshi alikusanya miandiko ya wachoraji wa vibao wa India na kuifanya fonti zenye majina ya wachoraji hao.

Kazi hiyo inaweza kufanyika Makambako. Inahitaji simu yenye kamera nzuri, mtu wa kusimama mbele ya ukuta bila kuegemea upande, programu ya bure kama FontForge, na uvumilivu wa miezi. Inahitaji pia fundi aliye hai aketi na dizaina, amwonyeshe kwa nini A imeingia chini ya W, kwa sababu picha inaonyesha herufi lakini haionyeshi sababu. Alipwe kwa muda wake, na jina lake liandikwe ndani ya faili. Fonti itakayotoka humo iwe na jozi za WA, KA, LA, TA na VA zilizopangwa kabla ya nyingine zote, iwe na sura nyembamba kwa ajili ya maneno marefu na sura nene kwa ajili ya ukungu. Na kwa kuwa itachorwa katika mkoa wenye wilaya ambayo jina lake huandikwa Wanging'ombe, na pengine Wang'ing'ombe, wakati fonti nyingi za bure kutoka mtandaoni huweka hapo kisanduku kitupu au kijiti kinachoelea, kialama cha ng' kichorwe kwa makusudi, chenye kichwa kinene na mkia mfupi, kikae karibu na g bila kuigusa.